Amua Kabla Mlango wa Ndege Haujafunguliwa

Mwaka 2023, nchini Marekani, watu waliruka kutoka ndegeni kwa parachuti mara milioni 3.65 hivi, na waliokufa walikuwa 10. Katika miaka ya 1970 wastani wa vifo nchini humo ulizidi 40 kwa mwaka. Takwimu hizi hukusanywa na chama cha warukaji wa huko, USPA, na anayezisoma haraka atasema mchezo huu hauna tena cha kuogopwa. Ukizifuata hadi kwenye maelezo ya kila ajali utaona jambo jingine. Parachuti iliyogoma kufunguka, ile inayotutia hofu sote, mara nyingi siyo iliyoua. Wengi waliopoteza maisha walikuwa na parachuti nzima, imejaa hewa vizuri juu ya vichwa vyao, nao wakakata kona karibu mno na ardhi. Wengine walichelewa kuamua. Wengine walivaa kifaa ambacho uzoefu wao ulikuwa haujakifikia.

Bill Booth, mbunifu wa vifaa kutoka Deland, Florida, amelieleza hilo kwa miaka mingi. Ndiye aliyebuni, katika miaka ya 1970, mfumo wa pete tatu unaomwezesha mrukaji kuitupa parachuti iliyoharibika kwa kuvuta kishikio kimoja tu, na leo karibu kila begi la parachuti duniani lina pete hizo. Hata hivyo anaonya kwamba kadiri vifaa vinavyokuwa salama, ndivyo warukaji wanavyojiongezea hatari, hata faida ya ubunifu ikaliwa na ujasiri. Mtu aliyeokoa maisha ya wengi kwa kazi ya mikono yake anapotuambia tusitegemee vifaa peke yake, inafaa tumsikilize.

Naandika kwa ajili ya msomaji aliyeona parachuti zikishuka juu ya mchanga wa Diani, au kando ya Palm Jumeirah kule Dubai wanakofanya kazi ndugu zetu wengi, akajiuliza kama naye anaweza. Anaweza. Lakini karibu maamuzi yote yatakayomrudisha nyumbani mzima atayafanya akiwa bado amesimama chini.

Nianze na anayetaka kuruka mara moja tu, aone ilivyo, kisha aendelee na maisha yake. Huyo ataruka akiwa amefungwa mbele ya mwalimu, kwa mtindo wa tandemu. Mwalimu ndiye anayebeba parachuti kuu na ile ya akiba. Ndege hupanda hadi mita 3,000 au 4,000, mnaporomoka kwa muda usiozidi dakika moja kwa kasi inayokaribia kilomita 200 kwa saa, na mkifika kwenye mita 1,500 hivi parachuti inafunguliwa. Kazi yako ni ndogo lakini si ya kupuuzwa: kichwa nyuma, nyonga mbele wakati wa kutoka, na miguu juu wakati wa kutua. Hilo la miguu lifanyie mazoezi chini hadi mwalimu aridhike, kwa sababu vifundo na miguu ndivyo vinavyoumia mara nyingi kwenye tandemu. Abiria husisimka akashusha miguu kutafuta ardhi, na uzito wa watu wawili ukaishukia.

Uliza maswali bila haya. Mwalimu ana leseni ya tandemu ya chama gani? Parachuti ya akiba ilifungwa lini, na fundi gani aliyeifunga? Upepo ukifika kiasi gani mnasitisha? Uwanja unaojiheshimu utakujibu papo hapo na kukuonyesha karatasi. Uzito wako nao utaje ulivyo. Ukipunguza kilo kumi mdomoni, mwalimu atapanga kasi na kutua kwa hesabu ya mtu mwingine.

Kuna jambo ambalo wageni wa pwani hulisahau. Mtu anafika Diani, anazamia kwa mtungi wa hewa asubuhi kutazama matumbawe, mchana anataka kuruka. Haifai. Anayezamia hubaki na naitrojeni mwilini, na ndege ya kurukia haina kabini iliyotunzwa mgandamizo wa hewa kama ndege ya abiria. Utafika mita 4,000 kwenye hewa nyepesi, na ile naitrojeni inaweza kutoa mapovu katika damu na viungo. Panga kuruka kwanza, uzamie baadaye. Kama umeshazamia, subiri saa 24. Mafua nayo yakiziba masikio au pua, ahirisha: kushuka haraka ukiwa na masikio yaliyoziba kunaweza kupasua ngoma ya sikio.

Soma pia bima yako ya safari. Nyingi huiondoa michezo ya angani kwa sentensi moja iliyojificha katika kurasa za mwisho.

Sasa tuje kwa anayetaka kujifunza kweli. Njia inayotumika sana ni ya kuporomoka ukiwa na walimu wawili ubavuni, mmoja kila upande, wamekushika hadi utakapoonyesha kwamba unaweza kutulia, kusoma altimita, yaani kipima urefu, na kufungua parachuti mwenyewe. Kwa utaratibu wa USPA, leseni ya kwanza, ya daraja A, hutaka miruko isiyopungua 25. Kama mfuko unaruhusu, anza katika handaki la upepo; Dubai na Abu Dhabi yako. Dakika chache za mle ndani zinakufundisha kutuliza mwili bila kuhesabu urefu, na ukipanda ndege baadaye akili inabaki huru kushughulika na urefu, ambao ndio jambo lenyewe.

Hapa nataka tukae kidogo. Angani fedha yako ni urefu, na hauongezeki. Kwa kasi ya kawaida ya kuporomoka, kutoka futi 3,000, yaani mita 900 na kidogo, hadi ardhini ni sekunde 16 au 17. Ndani ya muda huo parachuti kuu inatakiwa ifunguke, uitazame, uamue kama inafaa, na kama haifai uitupe na kufungua ya akiba. Ndiyo maana mashirika ya mchezo huu yameweka urefu wa kufanya kila jambo. USPA inamtaka mwanafunzi na mwenye leseni A awe ameamua na kuanza kuchukua hatua kabla hajashuka chini ya futi 2,500. Mwenye leseni za juu, futi 1,800. Chini ya hapo, mtu anayeendelea kupambana na parachuti mbovu, akivuta kamba hii na kuachia ile, anatumia urefu ambao parachuti ya akiba inauhitaji.

Maswali ya kujiuliza baada ya kufunguka yanajulikana. Ipo? Ina umbo la mraba? Ninaweza kuiongoza na kuipunguza kasi? Jibu likiwa hapana, na urefu wa kuamua umefika, mjadala umekwisha: tazama kishikio chekundu upande wa kulia, kishike, tazama cha parachuti ya akiba upande wa kushoto, kisha vuta cha kulia hadi mwisho na cha kushoto hadi mwisho. Fanya mazoezi haya kila siku ya kuruka kabla ya mruko wa kwanza, ukiwa umevaa vifaa utakavyorukia, mikono ikigusa mahali halisi. Nimewaona warukaji wa miaka mingi wakifanya hivyo pembeni ya uwanja, kimya kimya, kama wanaoanza leo, na hao ndio ninaowaamini. Mikono isiyo na mazoea hutafuta kishikio mahali kilipokuwa kwenye begi la kuazima la mwezi uliopita.

Kuhusu vifaa, swali la kwanza ninaloulizwa ni la chapa, na mimi hurudisha swali: una uzito gani? Ukubwa wa parachuti ndio uamuzi wa ununuzi wenye maana kuliko yote. Hesabu yake ni rahisi. Chukua uzito wako pamoja na kila ulichovaa, kwa ratili, ugawanye kwa eneo la parachuti kwa futi za mraba. Mtu wa kilo 80 mwenye vifaa vya kilo 12 ana kilo 92, karibu ratili 203. Akiwa chini ya parachuti ya futi za mraba 210, kila futi inabeba pungufu kidogo ya ratili moja, na hapo ndipo mwanzo unapotakiwa uwe, au chini zaidi. Mtu huyohuyo akinunua parachuti ya 150 kwa sababu ameiona kwa bei nzuri, kila futi inabeba ratili 1.35. Itaenda mbele kwa kasi zaidi, itashuka kwa kasi zaidi, na kosa dogo la mkono litageuka kona kali. Haya yote hayaonekani mita 800 juu. Yanaonekana mita 20 kutoka chini.

Kuna hesabu nyingine ambayo sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kuijua. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Parachuti ileile, chini ya mtu yuleyule, itatua huko kwa kasi iliyozidi ya pwani kwa karibu asilimia 9. Joto kali nalo hupunguza uzito wa hewa, kwa hiyo mchana wa kiangazi wa Ghuba si sawa na asubuhi yake. Aliyezoea kutua ufukweni akialikwa kuruka bara aombe parachuti kubwa zaidi kwa siku za kwanza. Hilo halimshushi hadhi.

Vifaa vya kufungua parachuti ya akiba vyenyewe vimeokoa watu wengi. Aliyebadilisha mambo ni Mjerumani Helmut Cloth, ambaye mwaka 1991 alitoa kifaa cha Cypres. Ni kompyuta ndogo ndani ya begi inayopima mgandamizo wa hewa. Ikiona kwamba bado unaporomoka kwa kasi ya zaidi ya kilomita 126 kwa saa ukiwa kwenye mita 225 hivi, inakata kitanzi kinachoifunga parachuti ya akiba. Nunua begi lenye kifaa cha namna hii, na hakikisha kimewashwa uwanjani unaporukia. Angalia tarehe yake ya mwisho wa kutumika. Lakini mita 225 kwa kasi hiyo ni sekunde chache mno. Kifaa hiki ni kwa ajili ya aliyepoteza fahamu au kumbukumbu ya urefu, na mwenye akili timamu hakiwekei hesabu. Ongeza na mkanda unaounganisha parachuti kuu na ya akiba, ili ukiitupa ile kuu iivute ya akiba ifunguke. Mifumo ya sasa, kama Skyhook ya Bill Booth, hufanya kazi hiyo kwa umbali mfupi sana wa kushuka, na sioni sababu ya mrukaji mpya kukosa mfumo huo.

Vifaa vya mkono wa pili si vibaya, ilimradi mtu asilipe kabla fundi mwenye leseni, asiye rafiki wa muuzaji, hajaifungua parachuti yote na kuikagua. Pwani, adui ni mchanga na chumvi. Chembe za mchanga hukwaruza kamba na kitambaa kila parachuti inapokunjwa, na maji ya bahari yakikauka huacha fuwele za chumvi zinazofanya kazi ileile. Parachuti iliyolowa baharini isuuzwe kwa maji baridi mengi na kukaushwa kivulini, mbali na jua, kwa kuwa miali ya jua hudhoofisha nailoni. Kamba zikianza kuota manyoya, au zile za usukani zikisinyaa, zibadilishwe. Bei yake haifiki hata robo ya bei ya mguu uliovunjika. Parachuti ya akiba nayo, Marekani, sheria inataka ifunguliwe, ikaguliwe na kufungwa upya na fundi kila baada ya siku 180. Hata pale sheria ya nchi iko kimya, fuata maelekezo ya mtengenezaji.

Kamera acha kwanza. Najua video ndiyo inayotafutwa. USPA hupendekeza mrukaji awe na miruko 200 kabla ya kuivaa, na sababu ni mbili: kamba ya parachuti inaweza kunasa kwenye kamera, na anayerekodi huacha kuangalia altimita.

Kutua ndiko kunakohitaji unyenyekevu kuliko kuruka. Kabla hujapanda ndege, tembea uwanjani. Tazama soksi ya upepo, nyaya, miti, barabara, na uchague mahali pa pili pa kutua kama ukishindwa kurudi. Ukiwa angani fuata njia ya pande tatu: kwenda na upepo, kukata upepo, kisha kuukabili kwa ajili ya kutua. Kila mmoja akifuata njia hiyo, hamtagongana, na migongano chini ya parachuti zilizofunguka huua. Kwenye mita tatu hivi vuta breki mbili kwa pamoja hadi mwisho. Kama unaona utakosa mahali ulipopanga, usigeuke kwa nguvu kuukabili upepo ukiwa chini. Heri utue ukienda na upepo, ukiwa umenyooka, miguu imeshikana, ujiangushe na kubiringika; utachubuka tu. Kona ya chini hulaza parachuti ubavu, na mwili hubembea nje kuelekea ardhini kwa kasi ambayo mwili wa mtu hauistahimili.

Pwani ina mambo yake. Kusi, hasa Juni hadi Agosti, huvuma kwa nguvu, na parachuti kubwa ya mwanafunzi inaweza kuanza kurudi nyuma. Maji yakijaa, ufuko uliouona mpana asubuhi unabaki ukanda mwembamba kati ya mawimbi na minazi. Soma ratiba ya maji kama mvuvi anavyoisoma. Na juu ya bahari macho hudanganyika kuhusu urefu. Ukijua kwamba huna budi kutua majini, legeza mkanda wa kifuani ukiwa bado juu, ukabili upepo, vuta breki kama kawaida, na usiachie vishikio wala kutoka kwenye mikanda mpaka miguu iguse maji. Waliojitoa mapema wakidhani wako mita mbili juu walikuwa mita ishirini. Ukishaingia majini, ogelea kinyume na upande kamba zilikoangukia. Kama uwanja wako uko karibu na bahari na hauna mashua wala maboya ya kuvaa, huo si uwanja wa kujifunzia.

Nimefika kwenye suti ya mabawa, ambayo najua ndiyo iliyowafanya vijana wengi waanze kusoma makala hii. Ni vazi lenye bawa la kitambaa kati ya kila mkono na kiwiliwili, na jingine kati ya miguu. Hewa huingia kwa matundu ya mbele na kuyajaza mabawa yakawa magumu. Aliyezoea anaweza kwenda mbele mita mbili na nusu au tatu kwa kila mita moja anayoshuka, na mruko wa dakika moja ukawa wa dakika mbili hadi tatu.

Historia yake ni ya makaburi. Clem Sohn, Mmarekani, alikufa Vincennes, Ufaransa, mwaka 1937 mbele ya umati uliokuja kumtazama. Léo Valentin, Mfaransa, alikufa Liverpool mwaka 1956 akiwa na mabawa ya mbao. Ni Mfaransa mwingine, Patrick de Gayardon, aliyeipa suti hii umbo tunalolijua, katika miaka ya 1990, kwa mabawa ya kitambaa yanayojazwa hewa. Aprili 1998, huko Hawaii, naye alikufa, na suti haikuwa na kosa. Alikuwa amelibadilisha mwenyewe begi la parachuti yake ili hewa ipite vizuri mgongoni, na marekebisho yale yakazuia parachuti zisifunguke ipasavyo. Alikuwa bingwa ambaye hakuna aliyemzidi. Kwa hiyo nikikwambia usishone, usikate wala usihamishe chochote kwenye begi lako bila fundi, sisemi hivyo kwa kuudharau ujuzi wako.

Mwaka uliofuata kazi hiyo ilichukuliwa na Mfini Jari Kuosma na Mkroatia Robert Pečnik, walioanza kuuza suti kwa warukaji wa kawaida pamoja na mafunzo yake. Kutokana na mafunzo hayo, mtu wa kawaida anaweza leo kujifunza bila kuwa wa kwanza kukosea. Kanuni ya USPA ni miruko 200 kabla ya suti ya mabawa, na mruko wa kwanza uwe na mafunzo ya mwalimu. Nasikia watu wakilalamika kwamba idadi hiyo ni kubwa. Fikiria kilichofungwa: mikono imo ndani ya mabawa, miguu imeshikana. Parachuti ikifunguka imejisokota, lazima ufungue zipu za mikono kwanza ndipo ufikie vishikio vya usukani. Mtu ambaye bado anafikiri kabla ya kushika kishikio hana nafasi ya kuongeza kazi hiyo.

Suti ya kwanza iwe ndogo. Suti kubwa hukupa dakika za ziada, lakini bawa lake huficha vishikio, hutengeneza hewa iliyokufa mgongoni mahali parachuti ndogo inayoivuta ile kuu inapotakiwa kushika upepo, na ikianza kuyumba huyumba kwa nguvu. Ukianza kuzunguka kama pia, mgongo ukiwa chini, usipigane nayo kwa mabawa wazi. Kunja mikono na miguu kwa pamoja, yanyime mabawa hewa, kisha jipinde tumbo likiwa chini. Panga tangu chini urefu ambao ukifika bado unazunguka utafungua parachuti hata hivyo. Kule Stockholm lipo handaki la upepo lililoinamishwa mahsusi kwa suti za mabawa, na mwenye uwezo wa kwenda atajifunza humo kwa saa chache mambo ambayo angani yangemchukua msimu mzima.

Parachuti ya kurukia na suti iwe ya vyumba saba vya hewa, tulivu, isiyo na umbo la duaradufu. Zile za mashindano zikifunguka na mwili uliofungwa mabawa hujisokota na kuzunguka. Kiparachuti kinachoivuta kiwe kikubwa kidogo, na utepe wake mrefu zaidi, ili kiivuke ile hewa iliyokufa. Wakati wa kufungua, funga mabawa ya pande zote sawasawa, na ukitupe kwa nguvu.

Kabla ya kufunga zipu, mwite mwenzako akuangalie mikanda ya mapaja. Suti huifunika, na mwili unahisi umebanwa kumbe ni suti iliyobana. Wapo waliotoka ndegeni mikanda hiyo haijafungwa. Parachuti ikafunguka vizuri, wao wakachomoka.

Na kile kifaa cha kufungua chenyewe nilichokisifu hapo juu? Suti inayopaa vizuri hushuka kwa kilomita 60 au 80 kwa saa. Kifaa kilichosubiri kilomita 126 kitaona kwamba mambo ni shwari, na mtu aliyepoteza hesabu ya urefu atafika chini hakijafanya kitu. Mwenye suti avae altimita mbili, moja ya mkononi na moja inayolia sikioni, aweke urefu wa kufungua juu kuliko alivyozoea, futi 4,500 au 5,000 kwa miruko ya mwanzo, na asione uvivu kuitazama ile ya mkononi.

Halafu zungumza na rubani. Julai 2018, kusini mwa Ufaransa, mrukaji wa suti ya mabawa aliuawa na bawa la ndege ileile aliyotoka, muda mfupi baada ya kuruka. Mwenye suti hubaki juu muda mrefu, na ndege iliyokwisha kuwashusha watu hurudi chini kwa kasi. Lazima ijulikane kabla ya kupaa ndege itageukia wapi na warukaji watakwenda wapi. Mlangoni, acha mabawa yakiwa yamefungwa mpaka mkia wa ndege umepita juu yako. Waliovaa suti hutoka mwisho, kisha huondoka pembeni mwa njia ya ndege. Ukirudi juu ya njia hiyo utawapitia wenzako wanaofungua parachuti.

Majabali ni habari nyingine kabisa. Mrusi Valery Rozov aliruka na suti ya mabawa kutoka ukuta wa Kilimanjaro mwaka 2015, na picha zile bado zinawatia vijana wetu moto. Alikuwa na uzoefu wa miongo ya milima na anga. Novemba 2017 alikufa kwenye mlima Ama Dablam, Nepal, akifanya jambo lilelile. Anayeruka jabalini hubeba parachuti moja tu, hana ya akiba, na ukuta uko mita chache ubavuni. Sina ushauri wa kumfanya mtu awe salama huko, na simshauri msomaji wangu aende.

Kwa waliobaki na ndege, na mita 4,000 za hewa chini yao, ushauri wangu wa mwisho ni huu. Kama umekaa miezi bila kuruka, mwambie mwalimu ukweli kabla hajakuuliza, uanze tena na parachuti kubwa na mruko mwepesi. Kama upepo umepanda, kama altimita inasita, kama umelala vibaya au una jambo zito moyoni, mwambie anayepanga ndege kwamba leo hupandi. Hakuna mwalimu wa maana atakayekucheka. Akikucheka, tafuta uwanja mwingine.